Wimbo wa Mama Kurumbiza

Zama ndege walipokuwa na hakimu wao, Kasuku alisikiliza nyimbo za msitu mzima, akazichanganya, na kila aliyetaka wimbo mpya akamwendea yeye. Siku moja Kurumbiza akasikia katika nyimbo za Kasuku wimbo wa kulazia watoto ambao yeye ndiye aliyesifika nao. Moyo ukamchoma, akamshitaki kwa Hakimu Korongo.

"Sikuiba, dada," Kasuku akasema. "Niliusikia tu. Hata sikumbuki kwa nani."

"Hebu uimbe," Korongo akaamuru.

Kasuku akaimba. Kabla ya mstari wa mwisho sauti ikakatika kidogo, kama ya mtu avutaye pumzi kwa taabu. Kurumbiza hakuimba hivyo kamwe. Aliyeimba hivyo ni marehemu mama yake, alipomlaza kiotoni huku kifua kikimbana.

"Wadai nini, mwanangu?" Korongo akauliza.

Kurumbiza akajibu, "Wimbo si wangu, mheshimiwa. Nami niliupata kwa mama. Ila asiuimbe tena bila kumtaja. Aliitwa Mwanakheri."

"Mwanakheri," Kasuku akasema taratibu, asije akalisahau.

Kurumbiza akamsogelea, akamwomba amwimbie tena.