Hofu ya Elinami

Siku hizi mpagazi haruhusiwi kupanda mlima na hofu yake. Anaiacha getini kwa kushikana viganja na mtu wa nyumbani kwake, naye anaibeba mpaka mwenyewe ashuke na akubali kuipokea. Ya mume wangu, Elinami, naibeba mimi.

Kwa siku sita yeye anawabebea wageni mizigo mlimani huku akiimba kwenye upepo, na mimi huku Machame nashindwa hata kumwogesha mtoto. Maji ya beseni nayaona kama bwawa. Najipa moyo tu: Aikande, siku sita si nyingi.

Jana jioni alishuka. Nikamnyooshea viganja hata hajavua buti.

"Ichukue, baba Ndeshi. Nimechoka nayo."

"Jumatatu napanda tena, mke wangu. Ya nini kuhamishahamisha? Kaa nayo tu, si umeshazoea?"

"Sijazoea."

"Utazoea bwana!"

Akambeba Ndeshi wetu wa miezi minane, akamrusha juu. Mtoto akacheka. Akamrusha tena, karibu na boriti, mara jirani akapiga hodi. Elinami akageuka kumwitikia, mtoto bado yuko hewani.

Nilimdaka mimi.

Elinami akanitazama, anashangaa kweli kweli.

"Sasa unatetemeka nini? Si umemdaka?"

Nikamkumbatia mwanangu kwa mkono mmoja. Ule mwingine nikaendelea kumnyooshea baba yake, kiganja wazi.