Kisahani cha Hewa

Daktari alishuku kwamba ukungu wa ukutani ndio unaomkohoza Bi Mwanamvua, akamtuma mpimaji wa hewa nyumbani kwake. Bi Mwanamvua akafukiza udi nyumba nzima, maana mgeni hapokewi na harufu ya unyevu.

Mpimaji akaishia mlangoni. “Mama, moshi huu utanidanganya. Nitarudi kesho kutwa. Usifukize tena, na madirisha yafungwe.”

Tangu mumewe azikwe, nyumba ile haikuwahi kukosa udi hata siku moja. Sasa harufu ya unyevu ilitoka taratibu nyuma ya kabati la kanzu za mumewe, ikatanda hadi kitandani. Na ndani yake, kwa mbali, Bi Mwanamvua akasikia harufu ya tumbaku ya marehemu. Alikohoa, akavuta pumzi tena.

Mpimaji aliporudi, aliacha kisahani cha kuoteshea ukungu wazi juu ya kabati kwa saa nzima, kisha akakifunika.

“Kama ukungu upo, utaota humu. Hapo tutakwangua ukuta na kuziondoa hizi nguo.”

“Na vingine vilivyomo hewani, mwanangu, navyo vitaota?”

“Vipi hivyo, mama?”

Bi Mwanamvua alikipakata kisahani, akagonga kifuniko kwa ukucha, polepole, kama anayebisha hodi.