Vitunguu Vina Aibu

Mghanga alifika kwao Rukanga bila kupiga simu, akasimama mlangoni mwa jikoni na mkate mkononi. Baba yake alikuwa anakaanga vitunguu, lakini sufuria ameipa mgongo. Mkono wa kulia ameupeleka nyuma, anakoroga kwa kubahatisha, macho ukutani.

"Karibu, mwanangu! Usiviangalie," mzee alisema. "Viko karibu kuiva."

Mghanga akakumbuka ile simu. Tangu mama afariki, mzee alikuwa anakula chai na mkate tu, mpaka siku alipouliza vitunguu vinakaangwaje. Mghanga alikuwa Voi na marafiki. Akamjibu, "Vipe mgongo, baba. Ukiviangalia vinaona aibu, haviivi." Marafiki walicheka mpaka machozi.

Mafuta yaliruka. Mzee alishtuka, ila hakugeuka. Kutoka kiwiko hadi vidoleni alikuwa na alama ndogo za kuungua, zingine zimekauka, zingine bado mbichi.

"Huyu jirani, Mama Nasiha, ananicheka sana," alisema. "Ati niangalie sufuria. Nikamwambia, wee mama, kijana wangu hata kama hakumaliza chuo, alisoma. Hawezi kunidanganya."

Mghanga alisikia masikio yanamchoma. Aliweka mkate chini polepole.

"Sasa njoo uonje. Leo nadhani nimeweza."

"Baba," Mghanga alisema, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtoto. "Vitunguu havioni."

Mwiko ukasimama.