Kioo cha Skana

"Dada, yule mama aliye mezani hana muda," alisema muuguzi wa upasuaji, amesimama mlangoni pa stoo ya damu.

Mtunza stoo alibonyeza tena skana kuukuu. Iliwaka, lakini haikusoma mistari ya msimbo kwenye mfuko wa damu. Kuandika namba kwa mkono mfumo haukubali; kwenye damu hakuna kubahatisha. Alikuwa amelaumu kompyuta, kile kiboksi kisicho na akili yake, kinachoazima kila kitu kwenye seva. Akabadilisha kiboksi. Wapi!

Bibi Waya, fundi wa hospitali aliyeitwa kuja kusaidia, hakukitazama kiboksi hata kidogo. Aliielekeza skana kwenye kiganja chake. Badala ya mstari mkali, kukatanda wekundu hafifu, kama rangi ya mdomo iliyopanguswa vibaya.

"Nani anasafisha hiki kioo?"

"Mimi. Kila asubuhi, kwa spiriti." Fahari ikamkaukia mdomoni.

"Ni plastiki, mwanangu. Umeitunza mpaka imepofuka."

Alisema bila kejeli. Akapenyeza ukucha wa kidole gumba ukingoni, akauzungusha polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Kile kioo cha kukinga kikabanduka, na mstari ukalala kiganjani mwa Bibi Waya, mwembamba kama uzi.

"Haya, lete mfuko."

Tii!

Muuguzi akaondoka mbio, damu kaikumbatia kifuani.

Kwa mazoea, mkono wa mtunza stoo ukaenda kutafuta chupa ya spiriti. Haikuwepo. Bibi Waya alikuwa ameshafika mlangoni, koti lake limevimba upande mmoja.