Marahaba ya Chelezoni

“Shikamoo, bwana,” alisema Mwanatumu, mkandaji wa hoteli. Mwenzangu, aliyelala kifudifudi juu ya chelezo chetu cha magogo, akajibu bila haya, “Marahaba. Anza na bega.”

Mama huyo alikuwa na umri wa kutuzaa sote wawili. Hoteli ilimwamuru amwamkie kila mgeni, na kijana mwenye upondo, aliyekisukuma chelezo, alikuwapo kusikiliza ili akamweleze meneja.

Mimi na mwenzangu tulikaa bweni moja miaka minne, tukifundishwa kusimama mtu mzima aingiapo. Sasa alikoroma huku Mto Mkurumudzi ukituchukua polepole kati ya mikoko. Sijapata kuona mgongo uliojaa utovu wa adabu kiasi kile.

Mkandaji akanigeukia, akafungua kinywa.

“Shikamoo, mama,” nikamtangulia, nikisimama. Chelezo kikayumba.

Mafuta ya nazi yalimdondoka vidoleni.

“Yeye ndiye anatakiwa aamkie, bosi,” alisema mwenye upondo. “Ndiyo kazi yake.”

Mwanatumu akaifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

“Marahaba, mwanangu. Keti, usije ukaanguka.” Kisha akamtazama mwenye upondo. “Nawe hujaniamkia tangu asubuhi.”