Tovuti Iliyomridhisha Mkaguzi

"Kitufe. Picha. Picha. Kitufe," kompyuta ilisoma kwa sauti kavu, mpaka mkaguzi, mama asiyeona tangu kuzaliwa, akavua visikizio vyake.

"Mwanangu," alimwambia fundi wa tovuti, "naumwa, nataka kumwona daktari. Nibonyeze kitufe kipi?"

Fundi akavivaa yeye, akasikia yaleyale. Tovuti ya hospitali aliitengeneza mwenyewe, akaipamba ikapambika, maandishi meupe juu ya bluu iliyokolea. Sasa ilikuwa imefeli mara ya pili. Mkuu wa hospitali hakumficha: sheria inataka tovuti itumike na kila mtu, na ikifeli tena, kazi atapewa mwingine.

Mkaguzi alimhurumia. Akamshauri aanze kujifunza kwa masikio, maana mwenye macho hujisahau.

Basi fundi akaenda nyumbani, akazima kioo cha kompyuta. Si kupunguza mwanga, kuzima kabisa. Kipanya akakifungia kabatini, akavaa visikizio, akawa anapapasa kibodi kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mwanzoni alitaka kulia. Fomu ya miadi ilimtoa jasho. Aliingia kwenye tarehe ya kuzaliwa akashindwa kutoka. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiwatesa watu! Aliona haya, haya ya kweli.

Mkewe kila akipita humkuta ameinamia kioo cheusi, anabishana nacho. Akamwuliza kama siku hizi kompyuta zinatengenezwa kwa kuombewa. Fundi akamjibu kwamba anayetegemea macho hajui kitu. Mke akaguna, akaenda zake.

Taratibu mambo yakanyooka. Kila kitufe kikapata jina lake, kila swali likakaa mahali pake. Picha akazifuta zote. Za kazi gani, kama hazisikiki? Ile bluu ya nyuma nayo akaitupilia mbali, maana nayo haikusikika. Maandishi hakuyagusa. Akasikiliza tovuti yake mwanzo mpaka mwisho, haikujikwaa hata kidogo, na moyo wake ukatulia.

Siku ya ukaguzi, kioo kikiwa kimezimwa kama kawaida yake, mkaguzi alijipangia miadi ya daktari wa meno kufumba na kufumbua. Akarudia, safari hii kwa ajili ya mjukuu wake. Akacheka peke yake.

"Nimekagua tovuti nyingi," alisema. "Kwa hii sina la kuongeza."

Fundi nusura amkumbatie. Kazi yake imepona, na zaidi ya hapo, amekuwa mtu mwingine. Mkuu hakuhitaji hata kuitazama. Neno la mkaguzi lilimtosha. Akaamuru iwekwe hewani palepale, ile ya zamani iondolewe, na madaktari, wauguzi na wageni waitwe ukumbini kuishuhudia.

Projekta ikawashwa. Ukuta ukawa mweupe pe, kutoka dari hadi sakafu. Waliokaa nyuma wakasogeza viti mbele. Daktari wa macho akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Mkuu alikohoa, kisha akamwinamia mkaguzi.

"Samahani, mama," alisema. "Hebu tusomee."