Utepe Mweusi

Katika mji ule, fundi wa breki hupanda na mwenye gari kwenye mteremko wa kwanza. Fundi Kombo aliisahau desturi hiyo alipochoka kutafuta kihisi kibovu cha mwendo wa gurudumu, akaiziba kwa utepe mweusi taa ya ABS, ile ya njano inayoonya kuwa breki zina hitilafu, iliyokataa kuzimika.

"Panda, fundi," alisema Bi Mwanaidi, mkunga, akiliwasha gari lake kuukuu alilotengenezewa.

"Tumbo linanikata, dada."

"Basi nitakuzalisha njiani."

Gereji nzima ikaangua kicheko, kasoro mgonjwa. Akapanda.

Juu ya mteremko gari likasimama. Mvua ilikuwa imelowesha lami yote hadi darajani.

"Nikifika pale nakanyaga breki kwa nguvu, tuone kazi yako."

Kabla mguu wa mkunga haujainuka kwenye breki, ukucha wa Kombo ulianza kukwangua ukingo wa utepe, na mwanga wa njano ukachungulia.